Jinsi ya kujua bendi ipi ni lo-fi kweli

Mi hupanga muziki kwa mafungu na hakuna fungu linalonitoa jasho kama hili la lo-fi, yaani muziki uliorekodiwa kwa vifaa duni na mvumo wake ukaachwa humo, maana watu wanatupia humo chochote chenye saundi mbovu. Mi nafanyaga hivi.

Hatua ya 1: achana na bendi, shika albamu. Wengi wanakwama hapahapa. Guided by Voices, jamaa wa Dayton, Ohio, ile Bee Thousand ya 1994 wamerekodi majumbani kwa vimashine vya kaseti, hiyo ni lo-fi bila ubishi, halafu nenda kwenye Do the Collapse ya 1999, prodyuza ni Ric Ocasek, imepigwa pasi mpaka inang'aa. Bendi ileile! Sasa ukiniuliza "hawa ni lo-fi?" nakuuliza na wewe, mwaka gani?

Hatua ya 2: tafuta walirekodi wapi na kwa mashine gani. Mashine kama Portastudio, ya kurekodia nyumbani, iliyotoka 1979, ilikupa treki nne (njia nne za kurekodi kila sauti peke yake) kwenye kaseti ya kawaida, zikijaa unazibana tatu ziende kwenye moja ili upate nafasi, na kila ukibana sauti za juu zinafifia na mvumo unaongezeka. Ndo maana ngoma zinasikika kama mtu anapiga boksi chumba cha pili. Bruce Springsteen alitumia hiyohiyo kwenye Nebraska (1982), kwa hiyo albamu naiweka humo, yeye mwenyewe hapana.

Hatua ya 3: vaa hedifoni, sikiliza kabla muziki haujaanza na baada ya kuisha. Mkanda wa kweli unavuma shhhh mpaka mtu abonyeze stopu, unasikia na klak. Chukua All Hail West Texas ya The Mountain Goats, 2002, ilirekodiwa kwa redio kaseti ya Panasonic na magurudumu yake unayasikia yanasaga chini ya gita wimbo baada ya wimbo. Mwaka huohuo walitoa Tallahassee, ya studio, msago hamna. Sikiliza hizo mbili mfululizo, sikio litaelewa lenyewe.

Mvumo ukikatika ghafla pamoja na noti ya mwisho, mi nashuku plagini, yaani programu ya kompyuta inayoigiza mvumo wa mkanda. Siyo dhambi ila naweka pembeni kwanza.

Hatua ya 4: kupiga vibaya siyo lo-fi. Bendi ya The Shaggs, ile albamu yao ya 1969, ngoma na gita kila moja na safari yake, lakini waliingia studio kabisa na kila kosa unalisikia vizuri tu. Hao wana fungu lao, na nawapenda balaa.

Hatua ya 5: zile biti za kusomea usiku, nazo zinaitwa lo-fi ila ni fungu tofauti kabisa, asili yake hip hop. Usizichanganye na magita.

Ikifika hapo bado hujui, iache kwenye folda ya "bado" urudi wiki ijayo. Yangu ina albamu kumi na moja.