Kulipwa kwa miti ya shambani mwako: soma mkataba kabla ya kununua miche

Kila msimu wa mvua napigiwa simu na wakulima waliokwisha jaza miche shambani, ndipo waulize pesa za kaboni, yaani malipo ya hewa ya kaboni inayofyonzwa na miti yao, zinaingia lini. Zinaingia, ila si nyingi kama uvumi unavyodai. Natumia hapa mfano wa TIST, mpango wa vikundi vidogo vya wakulima wanaopanda miti, ulioanzia Mpwapwa, Tanzania, mwaka 1999, na ambao leo una wakulima wengi upande wa Meru na Nanyuki, Kenya.

1. Kagua shamba. Ukifyeka msitu ili upande miche, hulipwi: ardhi iliyokatwa msitu ndani ya miaka 10 iliyopita haikubaliwi. Hati ikiwa bado kwa jina la babu, malizeni kwanza mambo ya urithi.

2. Ingia kikundi. Majirani 6 hadi 12 mnaoaminiana. Basi.

3. Piga hesabu. Malipo ya awali ni senti 2 za dola kwa mti ulio hai, kwa mwaka. Miti 1,000 ni dola 20. Hiyo haimalizi karo ya mtoto hata mmoja, kwa hiyo panda miti inayokulipa yenyewe: avokado ya kupandikizwa, makadamia, grevilia mpakani kwa kuni na mbao, miti ya kienyeji kando ya mto. Krediti (vyeti vya kaboni iliyofyonzwa na miti) zikiuzwa, wakulima hupata 70% ya faida. Ya faida, si ya mauzo.

4. Soma mkataba, ikiwezekana na mwenzi wako na watoto wakubwa. Ahadi ya kutunza miti ni ya miaka 30. Huenda wao ndio watakaoimaliza. Mti, matunda na kuni hubaki vyako, lakini haki ya kaboni unaikabidhi kwa mpango. Uliza: gharama zipi hukatwa kabla ya kufika kwenye "faida"? Nikiuza shamba je? Ukame ukiua miti je? Na usitie sahihi kwa kampuni ya pili. Kaboni ya mti mmoja haiuzwi mara mbili.

Wengi huniambia sheria ya Kenya ya mwaka 2023 kuhusu mabadiliko ya tabianchi inawapa 40% ya mapato ya kaboni. Kiwango hicho kinahusu miradi kwenye ardhi ya umma na ya jamii. Shamba lako binafsi linalindwa na maneno ya mkataba wako.

5. Kuwepo siku ya kupimwa. Mpimaji huzunguka mpaka na GPS, huhesabu miti kwa aina na umri, na kupima mzingo wa shina, mita 1.3 kutoka ardhini. Mche uliokauka hauhesabiwi, hivyo palilia na mwagilia miezi ya kiangazi.

6. Una msitu uliosimama tayari? Usajilishe kwa Shirika la Huduma za Misitu Kenya (KFS). Sheria ya misitu ya 2016 inampa mwenye msitu binafsi uliosajiliwa ushauri wa kitaalamu, na nafasi ya kuomba apunguziwe au asamehewe kodi ya ardhi. Kuomba si kupewa, kwa hiyo tunza nakala ya barua yenye mhuri wa ofisi iliyoipokea.