Jinsi ya kupanga rekodi ya mcheza tenisi Mmarekani mweusi Althea Gibson bila kuharibu hesabu

Chora safu tano: mwaka, mashindano, aina ya mchezo, mwenzake au mpinzani, matokeo. Safu ya aina ndiyo inayookoa hesabu. Gibson ana mataji makubwa (Grand Slam) 11: 5 ya mmoja mmoja, 5 ya wawili wawili na 1 la mchanganyiko. Ukiyachanganya utampa ubingwa wa Australia 1957 usio wake: fainali ya mmoja mmoja alifungwa na Shirley Fry, ila la wawili wawili alilitwaa akicheza upande mmoja na Fry huyohuyo.

Kwa mmoja mmoja jaza Ufaransa 1956, Wimbledon na Marekani 1957, kisha hayo mawili tena 1958. Ukikuta fainali ya Ufaransa imeandikwa 6-0, 12-10, usiisahihishe. Taibreka, yaani gemu maalumu ya kuamua seti iliyofungana, haikuwepo, seti iliendelea hadi mmoja aongoze kwa gemu mbili.

Mataji 10 mfululizo ya ATA, shirikisho la Wamarekani weusi, 1947 hadi 1956, yape jedwali lake. Forest Hills, yalikochezwa mashindano makubwa ya Marekani, hakuruhusiwa kucheza hadi 1950. Ukiyaacha mataji hayo ya ATA, ataonekana alichelewa kuiva, na huko ni kumdhulumu.

Safu ya fedha usiiweke: mashindano makubwa yalikuwa ya ridhaa hadi 1968.