Jinsi ya kuitambua injini ya tangi ya Darjeeling kwenye picha

Ukikuta picha ya zamani ya katreni kanapanda mlima India, usikimbilie kusema ni ya reli ya mlimani ya Darjeeling, anza na reli kwanza, nafasi kati ya vyuma vyake viwili ni milimita 610 tu. Halafu cheki nyuma ya injini, kama imefungiwa kigari cha makaa hiyo sio B Class (ndo jina la hiyo injini ya tangi ya Darjeeling), maana hii inabeba maji na makaa mwilini mwake yenyewe, tangi limekaa juu ya boila kama soji juu ya punda. Magurudumu manne, basi. Ukiona jamaa wamekaa mbele kabisa wanamwaga mchanga relini isiteleze, hapo umefika.

Sasa kujua kama imeundwa palepale India ndo kazi. Nyingi zilitoka Uingereza kwa kampuni za Sharp Stewart na North British kuanzia 1889, chache kwa kampuni ya Baldwin ya Marekani, na chache sana mafundi wa karakana ya reli hiyo pale Tindharia waliunda wenyewe hukohuko mlimani (hizo ndo tamu kwangu). Kwa macho tu utachemsha, ramani ya kuziundia ni ileile, so vuta picha usome namba ya injini, ulinganishe na orodha ya reli yenyewe.