Mwenzenu akibaki nyuma kwenye reidi

Kundi letu la World of Warcraft, mchezo wa kompyuta wa mtandaoni, hucheza Jumamosi usiku, wengi wetu tuko hapa Bukavu. Reidi, yaani pambano la kundi zima dhidi ya maadui wakubwa, ile ya kiwango cha kawaida huchukua watu 10 hadi 30, kwa hiyo mmoja akilegea si msiba. Kwanza muulize kama anataka msaada. Wengine wamekuja kupiga soga tu, na mimi sioni kosa.

Akikubali, mwandikie pembeni, si mbele ya kundi. Angalia rekodi ya pambano kabla ya kushauri. Kijana mmoja wa Kadutu, mtaa wa hapa Bukavu, tulidhani silaha zake ni dhaifu. Kumbe kila mara alikufa dakika ya pili, amesimama ndani ya moto.

"Mdogo, moto huuoni?"

"Yaya, kwangu hakuna moto."

Alikuwa ameshusha ubora wa picha zote za mchezo ili mashini yake ya zamani isikwame. Tukawasha mpangilio mmoja tu, ule unaochora alama za ardhini. Akamaliza pambano akiwa hai.

Jambo moja kwa usiku mmoja. Mfuatano wa mashambulizi mfundishe siku nyingine, mkiwa wawili kwenye sanamu ya mazoezi iliyomo ndani ya mchezo. Umeme ukimkatikia, msimhesabie kosa.