Kabla ya kulaumu mvua, chunguza mbegu ya nyasi

Kuanzia Kibwezi hadi Mwingi kuna mashamba yaliyopandwa nyasi, mvua ikanyesha vizuri, na udongo ukabaki mtupu. Lawama huangukia mvua au mchwa. Lakini nyasi tunazozizungumzia hapa zimezaliwa kwenye ukame na zimeuzoea. Mara nyingi kinachoziangusha ni mbegu iliyopandwa ikiwa bado imelala, au iliyofukiwa chini kana kwamba ni mahindi.

Ukambani zinajulikana hasa tatu: ndata kivumbu, ambayo wataalamu huiita Cenchrus ciliaris, mbeetwa, yaani Eragrostis superba, na nguu, Enteropogon macrostachyus. Zote ni za kudumu: ukizitunza hupandi tena kila msimu. Boma Rhodes inasifiwa sana sokoni, na ni nyasi nzuri, ila mahali pasipofikisha milimita 600 za mvua kwa mwaka utakuwa unacheza bahati nasibu.

Turudi kwenye mbegu. Ndata kivumbu iliyovunwa juzi huota kwa shida. Inataka kukaa ghalani miezi sita au zaidi, ndani ya gunia linalopitisha hewa, mahali pakavu. Uliyovuna Januari, baada ya vuli, ndiyo ya kupanda Oktoba. Kwa hiyo muuzaji akikuambia kwa fahari kwamba mbegu yake ni mpya kabisa, muulize ilivunwa mwezi gani. Kisha chukua kiganja kimoja, usugue, utazame kama kuna punje ndani au ni makapi matupu. Mbeetwa hasa hudanganya macho: shuke limejaa, punje ni chache.

Jaribio la kuotesha halina gharama. Hesabu mbegu 100, zitandaze juu ya kitambaa chenye unyevu, ukitunze kivulini kisikauke kwa siku 14. Zikichipua chache mno, bora ujue mapema, kabla hujalipa mtu wa plau.

Vuli ndiyo mvua ya kutegemewa zaidi Ukambani kuliko masika, basi lima Septemba na upande kwenye udongo mkavu kabla mvua haijaanza. Pitisha plau la ng'ombe ukikingama mteremko, ili kila mfereji uzuie maji yasikimbie. Kilo 2 za mbegu nzuri hutosha ekari moja. Mbegu za ndata kivumbu zina manyoya na hushikana, kwa hiyo changanya na mchanga mkavu ndipo mkono uzitawanye sawasawa. Usizimwage chini kabisa ya mfereji, maana mvua ya kwanza huleta tope na kuzizika. Ziweke begani mwa mfereji. Kina kisizidi sentimita 1. Kukokota tawi la miiba juu yake kunatosha. Ukiweza, changanya aina mbili. Nguu huwahi kuota na kufunika ardhi, ndata kivumbu hufuata taratibu.

Palilia mara moja au mbili msimu wa kwanza. Walio Baringo wang'oe miche ya mathenge, ule mti vamizi wa miiba, pamoja na mzizi ingali midogo.

Sasa jambo gumu: kuzuia mifugo. Shamba likianza kuwa kijani, mbuzi wa jirani huliona kabla yako. Zungushia ua wa miiba na usilishe msimu wote wa kwanza, mpaka nyasi zitoe mbegu na nyingine zianguke zenyewe zizibe mapengo. Ukitaka kujua kama zimekomaa, shika fungu la majani uvute kwa nguvu kama ng'ombe anavyofanya. Likitoka na mizizi, bado. Likikatika majani tu, mizizi imeshika.

Baada ya hapo amua unataka nini. Ukitaka hei, yaani nyasi zilizokaushwa, ya kulisha ng'ombe wa maziwa, kata zinapoanza kutoa maua, ukiacha kisiki cha sentimita 10. Ukitaka mbegu za kuuza, subiri mashuke yakauke, uyapukuchue kwa mkono, lakini ujue kwamba majani yatakayobaki yatakuwa makavu na yenye protini kidogo. Usimwahidi mnunuzi yote mawili kutoka shamba moja. Kufunga hei hakuhitaji mashine: kasha la mbao la sentimita 85 kwa 55 kwa 45 hutoa robota linalobebeka, la takriban kilo 20.

Na moto usiusahau. Ndata kivumbu ilipelekwa Marekani kuwa malisho, na katika jangwa la Arizona imekuwa gugu linalohofiwa, kwa kuwa ikikauka huwaka vikali na kuunguza mimea isiyozoea moto. Kwetu iko nyumbani, ila kukauka ni kule kule. Kufikia Julai uwe umefyeka na kukwangua kinga-moto kuzunguka shamba lote, na upande wa barabara uifanye pana zaidi, kwa sababu huko ndiko wapita njia hutupa vipande vya sigara.