Kabla hujatoa garanti Lubumbashi

Nimehama mara nne humu Lubumbashi, kutoka Bel-Air mpaka Katuba ninakoshonea leo, na pesa iliyoniuma zaidi haikuwa kodi ya mwezi. Ilikuwa garanti, ile amana anayoishika mwenye nyumba mpaka siku utakapotoka.

Nyumba yangu ni vyumba viwili na sebule, dola 120 kwa mwezi. Siku ya kuingia nilitoa 600: garanti ya miezi mitatu 360, komisyonere, dalali wa nyumba, akadai mwezi mmoja, 120, na kodi ya mwezi wa kwanza 120. Hapo bado gari la kubeba kitanda na cherehani. Basi gawa akiba yako kwa tano kabla hujamwita komisyonere. Nyumba ambayo kodi yake ya mwezi inazidi hapo usikubali hata kupelekwa kuitazama, utaipenda bure.

Sheria ya Kongo ya kupangisha ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kukaa isizidi miezi mitatu. Wenye nyumba wengine bado wanaomba sita. Usigombane. Mwambie, "Baba, sheria inasema mitatu, na hiyo mitatu ninayo hapa." Mara mbili nimesikilizwa kwa sababu pesa nilikuwa nayo mkononi. Mara ya tatu mwenye nyumba alikataa, nikaaga nikaenda zangu.

Kuitazama, nenda mara mbili. Ya pili nenda bila komisyonere, saa kumi na mbili asubuhi, uwakute akina mama wakichota maji. Hao ndio watakaokwambia bomba linatoka siku zipi, choo kinatumiwa na familia ngapi, umeme wa SNEL, shirika la umeme, unakatika mara ngapi. Na uliza kompta, ile mita ya umeme. Kwenye lupango moja, yaani ua mmoja wenye nyumba kadhaa, tulikuwa familia tano kwa kompta moja, bili tunagawana sawasawa, na jirani alikuwa anauza maji baridi kutoka friza mbili. Mimi na pasi yangu moja nilimlipia biashara yake mwaka mzima.

Kiangazi nyumba zote zinapendeza. Mwezi wa saba nilionyeshwa moja iliyopakwa rangi ya krimu, safi kabisa. Nikainama nyuma ya mlango, nikabonyeza ukuta kwa kidole gumba, karibu na sakafu. Rangi ikavunjika kama ganda la yai, ndani kukamwagika unga mweupe, ule wa ukuta uliokwisha kunywa maji. Nikainua macho: kwenye plafon, yaani dari, duara la kahawia limefunikwa nusu kwa rangi. Mvua za mwezi wa kumi na moja zingenikuta humo na vitambaa vya watu. Bonyeza kuta, hasa pembeni, na nyuma ya kabati kama lipo.

Sasa karatasi, na hapa nakusihi usione haya. Kule Bel-Air niliandikiwa mstari mmoja: "Nimepokea dola 300." Nilipotoka, mwenye nyumba akasema zilikuwa kodi. Baadaye akakubali ni garanti, ila, "Mama, ile ilishajenga ukuta. Ngoja mpangaji mwingine aingie." Nilingoja miezi mitano, na mtoto alirudishwa nyumbani kutoka shuleni kwa kukosa karo.

Kwa hiyo kontra, yaani mkataba, itaje neno garanti, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, na kwamba itarudishwa siku ya kutoka. Kama utalipa kwa franka, iandike pia dola itahesabiwa kwa bei gani, ya benki au ya kambiste, mbadilisha pesa wa mtaani. Weka shahidi kila upande, kisha muipeleke ofisi ya Habitat, ile ya mambo ya nyumba, kwenye komini yenu, yaani wilaya yenu ya mji. Mkikosana, ndiko mtakakosikilizwa.

Siku ya kupewa funguo, zunguka na mwenye nyumba, daftari mkononi: vitasa, bomba, namba ya kompta na tarakimu zake za siku hiyo. Wote wawili mtie sahihi. Katuba nilikuta vioo viwili vya dirisha la jikoni vimepasuka. Vimeandikwa ukurasa wa kwanza, na sahihi ya mwenye nyumba iko chini.