Kutoka Malindi hadi milima ya Taita na kurudi: mzunguko wa siku nne kwa watu wawili

Mume wangu ni mvuvi. Alizaliwa Malindi, akakulia Malindi, na hadi alipofika umri wa miaka arobaini na tatu hakuwa amewahi kukanyaga mlima. Mimi ni dereva wa watalii. Tsavo nimeivuka mara nyingi, lakini kila mara nyuma yangu walikaa wageni. Mwaka tulipoamua kwenda sisi wenyewe, niliichora njia upya, nikijiuliza mtu wa pwani angependa kuona nini na wapi. Tangu hapo nimewapitisha wenzi wengi kwenye njia hiyohiyo, wengi wao watu wa hapa hapa: walimu, wenye maduka, wazee waliokwisha kuoza watoto wao wote.

Njia yenyewe ni hii: Malindi, Lango la Sala la kuingilia Hifadhi ya Tsavo Mashariki, Mto Galana, Voi, Mwatate, Wundanyi juu mlimani, kisha kurudi kwa barabara kuu hadi Mariakani, Kaloleni, Mavueni, Kilifi, Gede na nyumbani. Ni zaidi ya kilomita 500. Ifuateni kwa mpangilio huo huo, maana asubuhi ya kwanza mkielekea magharibi jua linakuwa mgongoni, na wanyama walio mbele yenu wanaonekana vizuri. Mkianzia upande wa pili, mtaivuka Tsavo jua likiwachoma machoni.

Kwanza, chagueni tarehe kwa kuangalia mwezi

Msimu mzuri kuliko yote ni wa kaskazi, hasa Januari na Februari. Bahari imetulia, milima haina ukungu mwingi, na Tsavo imekauka kiasi kwamba wanyama wanalazimika kuja mtoni kunywa. Wakati wa masika, Aprili na Mei, msiende: udongo mwekundu wa Tsavo ukilowa unateleza kama sabuni. Wakati wa kusi, katikati ya mwaka, mnaweza kwenda, ila bebeni nguo nzito za Wundanyi.

Ndani ya msimu, tafuteni tarehe ya mwezi mwandamo. Ondokeni siku ya kumi na mbili ya mwezi, mrudi siku ya kumi na tano. Hili nilifundishwa na mume wangu, wala mimi nisingelifikiria. Siku za bamvua, yaani za maji makubwa ya mwezi mpevu, maji ya pwani yetu hujaa mwendo wa saa kumi jioni na kupwa mwendo wa saa nne asubuhi. Mkirudi wakati huo mtakuta Hori ya Mida imejaa jioni, na kesho yake asubuhi mdomo wa Mto Sabaki uko wazi kwa kutembea. Zaidi ya hayo, mtakuwa na mbalamwezi kule mlimani.

Pili, gari

Gari dogo hupita wakati wa kiangazi, lakini lenye tumbo la juu litawapunguzia wasiwasi. Kabla ya kuondoka mpelekeeni fundi aangalie mambo matatu: breki, maji ya rejeta, na tairi la spea. Hilo la spea ndilo watu hulisahau. Jeki iwepo, na spana inayoingia kwenye nati za gari lenu hilo hilo. Ijaribuni uani, nyote wawili, kila mmoja afungue nati moja kwa mkono wake. Mara ya kwanza tulipopata pancha ndani ya hifadhi, spana tuliyobeba ilikuwa ya gari jingine, tukakaa saa mbili juani hadi lori la wafanyakazi wa barabara lilipotukuta.

Jazeni tangi Malindi, mjaze tena Voi. Katikati msitegemee petroli. Maji ya kunywa yasipungue lita kumi.

Malipo ya hifadhi fanyeni nyumbani kupitia eCitizen, kwa sababu langoni fedha taslimu hazipokelewi na mtandao unaweza kuwasumbua. Bebeni vitambulisho vyenu, maana bila kitambulisho hamtahesabiwa kuwa raia. Gari nalo hulipiwa.

Siku ya kwanza: kuufuata mto

Ondokeni saa kumi na moja alfajiri. Mahamri na mbaazi zifungwe usiku, chai iwe ndani ya chupa. Mtapita Kakoneni, Langobaya na Baolala. Pale Langobaya, upande wenu wa kulia, kuna mitambo ya Baricho inayovuta maji ya mto huu kupeleka Malindi, Kilifi na Mombasa. Mume wangu alipoambiwa akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe maji ya mfereji wetu ni haya haya."

Lango la Sala liko kilomita kama 110 kutoka mjini. Mkifika saa moja na kitu asubuhi mmefanya vizuri. Msiache vyakula juu ya kiti dirisha likiwa wazi, nyani wa pale wana mikono myepesi.

Sasa hapa kuna jambo ambalo nawaomba mlizingatie. Kutoka Sala barabara inaandamana na ukingo wa kusini wa Galana, na nyinyi mnaelekea magharibi, kwa hiyo mto uko kulia. Kulia ndiko anakokaa dereva. Aliyekaa kushoto anatazama vichaka tu huku mwenzake akipitwa na viboko, mamba na makundi ya ndovu waliopakwa udongo mwekundu. Kama nyote mnajua kuendesha, badilishaneni langoni na tena katikati ya njia. Kama anajua mmoja tu, dereva asimame kila panapopendeza, azime injini, agawane dirisha lake na mwenzake. Msitoke nje ya gari isipokuwa pale palipowekwa kibao cha kuruhusu. Mwendo ndani ya hifadhi hauzidi kilomita 40 kwa saa, na kwa kuwa barabara ina mikunjo kama bati, hamtatamani kuzidi hapo.

Maporomoko ya Lugard msiyakose. Watu huyaita maporomoko, lakini maji hayaanguki kutoka juu. Yanajipenyeza kwa nguvu katika mwamba uliochongwa na mto wenyewe, mistari myeupe na ya waridi imejikunja humo kama kitambaa. Hapo mnaruhusiwa kushuka na kutembea juu ya mawe, ila kaeni mbali na ukingo, na chini kidogo ya hapo kuna mamba kweli kweli. Ng'ambo ya mto mtaona ukuta mrefu wa ardhi, juu yake tambarare. Huo ni mwinuko wa Yatta, uliotokana na mtiririko wa lava wa karibu kilomita 300, miongoni mwa mirefu kabisa duniani.

Nilipomsimamisha mume wangu pale juu ya mwamba nilimweleza: Mto Athi unatoka nyanda za juu upande wa Nairobi, Mto Tsavo unatoka upande wa Kilimanjaro, inakutana humu ndani na kuwa Galana, ukikaribia kwetu watu wanauita Sabaki. Yeye amevua miaka yote hiyo kwenye maji mekundu ya mdomo wa Sabaki. Alichutama, akachovya kidole kwenye kidimbwi juu ya jiwe, akaonja. Tulikaa pale hadi jua likatufukuza.

Baada ya maporomoko geukeni kusini kuelekea Voi. Mageti hufungwa saa kumi na mbili jioni. Nyinyi mtoke saa tisa au kumi, mlale Voi. Najua mtashawishika kupanda mlimani jioni hiyo hiyo kwa sababu Wundanyi ni kilomita kama 40 tu. Msipande. Niliwahi kufanya hivyo nikiwa na wenzi waliooana wiki hiyo, ukungu ukatushukia kwenye kona, giza likaingia, nikaendesha nikiwa nimetoa kichwa dirishani kutafuta ukingo wa lami. Bibi harusi alilia hadi tukafika.

Siku ya pili: kupanda

Saa tatu asubuhi inatosha. Voi hadi Mwatate barabara imenyooka, mashamba ya mkonge pande zote. Kutoka Mwatate mnaanza kupanda kwa kona zinazopindana. Zimeni kiyoyozi, injini ipate nguvu, mfungue vioo. Kila kona pigeni honi fupi, na anayepanda na anayeshuka wote wabane upande wao.

Mtasikia hewa ikibadilika kabla ya kuona lolote. Nyuma yenu Tsavo imelala tambarare, mbele kuna migomba na viraka vya mboga kwenye miteremko ambayo mtu wa pwani hataamini kwamba panalimika. Mboga nyingi tunazonunua sokoni huku chini hutoka kwenye miteremko hiyo.

Laleni Wundanyi usiku wa pili na wa tatu. Chagueni nyumba ya wageni yenye blanketi mbili kila kitanda, muulize kabla ya kulipa. Mume wangu alilala amevaa sweta na soksi, na asubuhi akasema hajawahi kulala vizuri hivyo. Kama mwenye nyumba anapika kimanga, ombeni. Ni vyakula vya shamba, kama muhogo na maharagwe, vilivyopikwa na kupondwa pamoja, na baridi ile inakifanya kiwe kitamu zaidi.

Siku ya tatu: msitu

Milima ya Taita ni ya mwisho upande wa kaskazini katika mlolongo wa milima ya kale inayoanzia Tanzania, na kwa Kenya ni hapa tu unapofika. Msitu umebaki vipande vipande, na ndani ya vipande hivyo kuna ndege na mimea isiyopatikana popote pengine duniani. Msitu wa Ngangao ndio rahisi kuufikia. Ingieni asubuhi na kiongozi wa pale pale kijijini, mtembee polepole, msizungumze. Miti ni mirefu na imevaa kuvu na majani ya kila namna. Nilitazama uso wa mwenzangu kuliko nilivyotazama miti.

Kilele cha Vuria, zaidi ya mita 2,200, ndicho kirefu kuliko vyote. Nendeni kama mbingu iko wazi; kama imefunga, hamtaona chochote. Kuna pia pango la mafuvu ya wazee wa Wataita karibu na mji. Hapo msiende wenyewe. Tafuteni mzee wa mahali, salimianeni naye kwanza, mwingie kama mnavyoingia makaburini, na picha mpige akiruhusu tu.

Siku ya nne: kushuka hadi baharini

Msiondoke kabla ya saa tatu, kwa sababu mnaelekea mashariki na jua la mapema litawapiga usoni kwenye kona. Teremkeni na gia ileile mliyopandia. Gari la gia za kujiendesha litieni gia ndogo, msikae na mguu juu ya breki njia nzima. Mkisikia harufu ya kuungua, simameni palipo wazi, msubiri dakika ishirini. Msimwagie maji gurudumu lililochemka.

Voi hadi Mariakani ni barabara ya malori. Hapa hapana mandhari ya kuhangaikia. Anayeendesha aangalie barabara, mwenzake asimwonyeshe chochote. Pumzikeni Mackinnon Road kwenye msikiti wenye kaburi la Seyyid Baghali, aliyefanya kazi kwenye ujenzi wa reli. Wasafiri wa dini zote husimama hapo, kuna kivuli na utulivu.

Mariakani iacheni barabara ya Mombasa, mshike ya Kaloleni. Msongamano wote wa Mombasa mmeukwepa, na badala yake mnapata vilima vya minazi hadi upeo wa macho. Nunueni madafu. Tembo la mnazi mnaweza kulibeba, ila dereva asiliguse. Misitu midogo minene mnayoiona juu ya vilima upande huu, mingine ni makaya, makao matakatifu ya kale ya Wamijikenda, ambayo tangu 2008 yamo katika orodha ya urithi wa dunia. Msiingie bila wazee wake.

Mavueni mnaingia barabara ya Malindi, na mara daraja la Kilifi, lililochukua nafasi ya feri mwaka 1991. Msisimame juu yake. Kabla ya kuvuka ingieni magofu ya Mnarani, hori yote iko chini yenu.

Jiwekeeni lengo la kufika Mida saa kumi. Kushoto kwenu ni msitu wa Arabuko Sokoke, kulia ni mikoko. Fuateni daraja la mbao lipitalo ndani ya mikoko, mtulie mwisho wake. Maji yakijaa, ndege wa ufukoni wanasogezwa karibu nanyi. Kwa wali wa nazi na kaa hapo hapo sihitaji kumshawishi mtu. Magofu ya Gede yako dakika chache mbele. Siku hiyo mtakuwa mmechoka, yaachieni Jumapili nyingine.

Asubuhi inayofuata

Mnalala nyumbani, lakini msioshe gari bado. Saa tatu na nusu vukeni daraja la Sabaki kaskazini mwa mji, mliache gari kijijini kwa mtu wa kulitazama, mpite matuta ya mchanga kwa miguu hadi mdomo wa mto. Maji yakiwa yamepwa mtaona mstari wazi kabisa, mwekundu upande huu na buluu upande ule. Msiingie mtoni, kuna viboko na mamba. Kaeni juu ya tuta, upepo uwe usoni.

Mume wangu alisimama pale muda mrefu akiutazama mstari ule anaoupita kila siku na mashua yake. Kisha akaniuliza maji tuliyoyaona Lugard yatachukua siku ngapi kufika hapa, na kama labda yale aliyoyaonja ndiyo haya yanayopita sasa.